Saizoni Imekwisha: Sasa Mwili Ufanye Nini?



Kombe limekwisha kutolewa. Majezi yamefuliwa, yamehesabiwa, mbili hazionekani na kila mtu anasema si yeye. Na sasa kijana amelala nyumbani mpaka saa tatu ya asubuhi. Mama anapita na ndoo ya maji, anamuangalia, anamuuliza: "Ee baba, juzi ulikuwa unaamka saa kumi na moja kwa kukimbia, leo miguu imekufa?" Mutoto anajibu bila kufungua macho: "Mama, saizoni imekwisha."

Katika mtaa wa Saio, hapa Bunia, na katika mitaa mingine ambako wasomaji wetu wanaishi, maneno haya yanarudi kila mwaka. (Saio, kwa wale vijana wasiojua, ni jina la mji wa Ethiopia ambako askari wa Force Publique waliwashinda Waitalia mwezi wa Julai 1941. Muwaulize wazee.) Wazazi wanatuuliza: tumwache alale? Koch anauliza: nitawapata tena namna gani wakirudi na matumbo? Na kijana mwenyewe ana ulizo lake, lile ambalo hapendi kuliuliza mbele ya baba: miezi hii miwili nikienda ku machimbo kutafuta franga kidogo, si ni mazoezi vilevile? Kubeba mfuko wa mchanga si kama kubeba vyuma?

Hilo la mwisho ndilo kubwa kwa familia zetu, tutalitumia nafasi nyingi. Lakini tuanze na usingizi.

Mama, kwa wiki ya kwanza umwache alale. Sisemi juu ya kumtetea mvivu. Mtu aliyecheza mechi kila juma, na mazoezi mara tatu au ine katikati, amebeba mwilini vitu vingi ambavyo hatukuviona. Kifundo kilivimba mwezi wa tatu, kikafungwa bandeji, akaendelea kucheza. Goti linalia akishuka mlima. Misuli ya nyuma ya paja inavuta akitaka kukimbia mbio. Wakati wa mashindano maumivu haya yananyamaza, kwa sababu watu wanapiga kelele pembeni na moyo umewaka. Saizoni ikiisha, yote yanaamka pamoja. Wengi wanasema, "Nilikuwa muzima, nimegonjwa kwa sababu nimeacha kucheza." Hapana. Maumivu yalikuwa pale zamani. Sasa tu ndiyo umepata nafasi ya kuyasikia.

Wafundishaji wakubwa wa dunia wanajua jambo hili tangu zamani. Katika miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa Urusi, Lev Matveyev, aliandika namna ya kugawanya mwaka wa mchezaji: kuna wakati wa kujitayarisha, kuna wakati wa mashindano, na kuna wakati wa kupita kutoka saizoni moja kuingia nyingine. Huu wa tatu aliuhesabu kama kazi, hakuuona kuwa uvivu. Na tukitazama karibu zaidi, kwa majirani zetu wa Kenya, wale wakimbiaji wa milima ya Kaptagat na Iten hawakimbii marathoni kila mwezi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kwa miaka mingi alikimbia marathoni mbili tu kwa mwaka. Kisha marathoni ni desturi ya wakimbiaji kule kurudi nyumbani, kula, kuangalia ng'ombe na shamba, na kuacha viatu vipumzike. Kama mtu wa namna ile anapumzika, wewe wa Saio unajivunia nini kusema "mimi sipumziki hata siku moja"?

Lakini kupumzika kuna mwisho wake, na hapa vijana wengi wanaharibu.

Mwili unahesabu siku kuliko wewe. Mwaka wa 1984 watafiti wa Marekani waliwachukua wanariadha wachache waliozoea mazoezi makali, wakawaambia waache kabisa. Kisha siku 21 uwezo wao wa kutumia hewa, ule ambao sisi tunauita pumuzi, ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7. Kisha wiki nane ulikuwa umeshuka asilimia 16. Pumuzi inaondoka mbele, kwa sababu damu yenyewe inapunguka maji yake na moyo unasukuma kidogo. Nguvu ya misuli inakawia. Mtu anaweza kukaa wiki tatu na kukuta bado anainua mzigo uleule. Ndiyo maana kijana anajidanganya. Anapiga pushapu 30 kama zamani, anasema, "Niko sawa." Anarudi uwanjani, dakika ya kumi na tano anashika magoti, mdomo wazi kama samaki wa Kasenyi.

Sasa habari nzuri. Kuilinda pumuzi ni rahisi kuliko kuitafuta upya. Mtafiti mwingine wa Marekani, Hickson, mwaka wa 1981 aliwapa watu mazoezi siku 6 kwa wiki, dakika 40 kila siku, kwa wiki 10. Kisha akawapunguzia: wengine wakabaki na siku 4, wengine siku 2 tu. Kwa wiki 15 waliilinda pumuzi yao, hata wale wa siku 2. Lakini kulikuwa na sharti: zile siku mbili hawakutembea tu, walifanya kwa nguvu ileile ya zamani. Katika majaribio yake ya baadaye, alipowapunguzia ukali wa mazoezi, pumuzi ilishuka. Basi kijana, ukisikia "punguza mazoezi", punguza siku, punguza muda, lakini mara mbili kwa wiki moyo upige kweli. Dakika 25 mpaka 30 zinatosha: ukimbie polepole dakika kumi, kisha ukimbie kwa nguvu dakika moja na kutembea dakika moja, mara sita au nane, kisha urudi nyumbani polepole.

Wapi? Njia zetu si zote za kukimbilia. Tangu mkoa wa Ituri ulipowekwa chini ya etadesieje mwezi wa Mei 2021, kila familia imejifunza kusikiliza habari ya usalama kabla ya kutoka. Mkimbie wakati kuna mwanga, muwe watatu au wane, ndani ya mtaa, mahali watu wanawajua. Kijana anayekimbia peke yake gizani anaweza kufikiriwa kuwa mwizi, au anaweza kukutana na mwizi. Uwanja wa shule ni bora kuliko barabara ya vumbi yenye pikipiki.

Na kuna zoezi moja ambalo ningependa koch wote wa timu za kanisa walijue, kwa sababu halihitaji franga hata moja. Linafanywa na watu wawili. Mmoja anapiga magoti juu ya majani au juu ya mkeka uliokunjwa, mwili wima. Mwenzake anamshika kwa nguvu vifundo vya miguu nyuma ili visiinuke. Basi yule wa kwanza anajiachilia kwenda mbele, polepole sana, kiuno bila kukunjwa, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka inashindwa. Hapo anajipokea na mikono, anajisukuma kurudi. Ni hiyo tu. Mara tano, mara mbili kwa siku hiyo, ndiyo mwanzo. Siku ya kesho utatembea kama mzee, usiogope. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2011 kule Denmark, timu 50 zenye wachezaji 942 zilishirikiana. Karibu nusu ya timu waliongezewa zoezi hili kwa wiki 10, wakianza wakati wa mapumziko ya katikati ya saizoni; wengine waliendelea na mazoezi yao ya kawaida. Kisha wakahesabu wale walioumia nyuma ya paja: upande wa zoezi walikuwa 15, upande mwingine 52. Mimi nikiangalia mechi zetu, na wale wachezaji wanaoshika paja na kuanguka peke yao bila kuguswa na mtu, nafikiri zoezi hili lingetuokolea watu wengi. Wakati wa mashindano ni vigumu kulianza, kwa kuwa linachosha miguu. Wakati wake wa kulianza ndio huu.

Tunafika sasa ku machimbo.

Tangu dhahabu ilipoonekana kule Kilo mwaka 1903, vijana wa Ituri wanajua njia ya kwenda shimoni. Siwezi kuwaambia familia zenu zisitafute chakula. Kuna nyumba ambako saizoni ya mpira ikiisha, ndiyo saizoni ya makaratasi ya shule inaanza, na baba hana kitu. Mtoto anapanda gari kwenda upande wa Mongbwalu, kilomita kama 80, anasema nitarudi na franga za mineravale. Ninaheshimu hilo. Lakini tusiseme kwamba shimo ni mazoezi. Tulitazame vizuri.

Shimo linafundisha mwili kuinama, kuvuta na kubeba. Ni kazi ya mgongo, ya mabega na ya mikono, saa nane au kumi kwa siku, kwa mwendo wa polepole. Mpira unataka kukimbia mbio, kusimama mara moja, kugeuka, kuruka. Mtu anaweza kutoka shimoni na mikono minene kama mti, na kukuta kwamba mchezaji mwepesi wa miaka 15 anampita kama upepo. Tena mgongo unaoinama siku nzima chini ya mfuko hauna wakati wa kupona. Katika vyuma kijana anainua mara nane, anapumzika dakika mbili, anaongeza mzigo kidogo kidogo kila wiki, na kesho yake hainui. Shimoni ni bosi anayepima mzigo, si mwili wako.

Kisha kuna vitu viwili ambavyo havionekani na vinaharibu pumuzi na akili, na ni lazima tuviseme kwa majina.

Cha kwanza ni vumbi la jiwe. Wale wanaoponda mawe meupe ya kwarzi kwa nyundo au kwa mashini, wanavuta vumbi laini sana ambalo linafika mwisho wa mapafu na kubaki humo. Mapafu yanafanya makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi, hauna dawa ya kuuponyesha, na mtu aliye nao anashikwa upesi na kifua kikuu. Kitambaa puani kinazuia lile vumbi kubwa tu; lile baya linapita. Kinachosaidia ni kumwagia jiwe maji kabla ya kuponda na wakati wa kuponda, kukaa upande upepo unakotoka, na kutokula wala kulala pale.

Cha pili ni merkiri, yale maji mazito ya kung'aa yanayokamata dhahabu. Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kuichoma. Moshi wake hauna rangi, mara nyingi hauna hata harufu, unaingia mapafuni na kutoka hapo unakwenda kwenye damu na ubongo. Mikono inaanza kutetemeka, mtu anasahau, anakasirika bure, usingizi unakimbia. Mtoto aliye tumboni anaharibika zaidi. Kwa hiyo, mama, sufuria ya jikoni isitumike kuchomea, hata mara moja, hata kama mutoto anasema ni kidogo. Na wewe kijana usifanye mazoezi karibu na mahali wanapochoma. Mtu anayekimbia anavuta hewa mara nyingi kuliko anayeketi. Mataifa yalikubaliana juu ya jambo hili katika Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2017. Mkataba uko mbali. Jiko liko karibu.

Kama ni lazima kwenda, basi fanya hesabu hii. Zile wiki mbili za kwanza za kupumzika uzipate kwanza nyumbani. Usitoke fainali siku ya mungu na kuingia shimoni siku ya pili. Ukiwa kule usiinue vyuma tena jioni. Mwili umekwisha kubeba. Siku mbili kwa wiki, ile ya kutofanya kazi na nyingine ya kazi fupi, ukimbie dakika 25 kama nilivyosema, na ufanye zoezi la magoti na mwenzako. Ulale saa nane. Kijana wa chini ya miaka 18 anahitaji saa nane mpaka kumi, na usiku wa machimboni una musiki, pombe na kamari zinazokula usingizi pamoja na franga. Na urudi wiki ine kamili kabla ya mechi ya kwanza, si jioni ya kabla yake. Kama huwezi kurudi mapema hivyo, umwambie koch ukweli, akuweke kwenye banki kwa mechi za mwanzo. Mchezaji anayetoka shimoni Ijumaa na kucheza dakika 90 siku ya mungu, huyo ndiye tunamuona anabebwa kwa pikipiki kwenda hospitali.

Wale wa chini ya miaka 18 hawana kazi shimoni, kwa sheria na kwa mifupa yao. Hapo sina neno lingine.

Juu ya watoto hawa kuna jambo ambalo mama wengi wanalileta: mtoto wa miaka 12 au 13 anayekua haraka, ana kinundu kigumu chini kidogo ya goti, kinauma akikimbia au akipiga magoti kuomba. Wengine wanafikiri amerogwa, wengine wanachanja. Mara nyingi ni pale ambapo mshipa mkubwa wa goti unashika mfupa ambao bado ni laini, na kucheza kwingi kunauvuta. Apunguze kuruka na mbio kwa wiki kadhaa, aweke kitambaa cha maji baridi kisha mchezo, na uendelee kumwangalia. Mifupa ikikomaa, maumivu yanakwisha, hata kama kinundu kinabaki. Lakini goti likivimba lote, likiwa na moto, au likiuma usiku akiwa amelala, huyo apelekwe kwa munganga.

Chakula sasa, kwa kifupi. Tumbo halijui kwamba saizoni imekwisha. Linaendelea kudai bugali ya mchezaji. Punguza kidogo kipande cha bugali, usipunguze maharagi, samaki, sombe na lengalenga. Mwili unaojitengeneza unahitaji vitu hivyo kuliko wakati wote. Pombe nitasema mara moja tu: baada ya saizoni kuna marafiki waliokuwa wanakupigia makofi pembeni ya uwanja, na sasa wanakuita kwa chupa. Kijana aliyezoea kelele za watu anasikia ukimya wa mtaa kama ugonjwa. Wazazi, huo si utundu tu. Mumupatie kazi inayoonekana: afundishe wadogo mpira siku moja kwa wiki, aimbe na korali, atengeneze uzio. Na kama ana egzame ya Serikali mbele yake, basi saizoni nyingine imekwisha kuanza.

Dada zetu wanaocheza, yote haya ni yenu pia. Mwenye kuona kwamba wakati wa mashindano siku zake za mwezi zilipotea, asifurahi kwamba amepona usumbufu. Ni alama kwamba alikula kidogo kuliko alivyokimbia. Aongeze chakula, apumzike, na zisiporudi aende kumuona munganga pamoja na mama au yaya yake. Kama ana bwana, aanze kwa kupima mimba.

Na mwenye homa hakimbii "ili jasho litoe malaria". Jasho halitoi malaria. Apimwe, amalize dawa zote, na akae siku kadhaa bila homa kabla ya kuanza polepole.

Nimalize na ninyi ma-koch, kwa sababu siku ya kurudi iko mikononi mwenu. Munapenda kuwapima wachezaji siku ya kwanza kwa kuzungusha uwanja mara 20 kwenye jua, na anayetapika munamwita mvivu. Mwanzo ule unaharibu vifundo na misuli ambayo ingetumika mwaka mzima. Juma la kwanza muwape nusu ya kazi ya zamani, muongeze kidogo kila juma, na mbio za nguvu kabisa muziweke juma la tatu au la ine. Muandike ku kitabu kila mchezaji alifanya nini wakati wa mapumziko: huyu alikuwa shambani, huyu machimboni, huyu alilala. Hawawezi kuanza pamoja.

Mwezi ujao tutajibu maulizo juu ya viatu: nani acheze peku, nani asicheze, na namna ya kushona kambambili iliyokatika ili isikate mguu. Muendelee kutuandikia kupitia parokia na makundi yenu ya vijana.